Tukikutana na Viumbe Wasioafikiana Nasi Juu ya Haki na Dhuluma: Njia Nne za Mapatano Zikilinganishwa

Mwezi Novemba mwaka 1974, kutoka kwenye darubini ya redio ya Arecibo kisiwani Puerto Rico, binadamu walituma kuelekea kundi la nyota liitwalo M13 ujumbe wa tarakimu 1,679 uliobeba hesabu, muundo wa chembe za urithi, umbo la mtu na mpangilio wa sayari zetu. Ujumbe huo una safari ya takriban miaka 25,000. Mwaka 1977 vyombo viwili vya Voyager viliondoka, kila kimoja na santuri yenye salamu kwa lugha 55. Kiganda kimo, Kinyanja kimo, Kiswahili hakimo, jambo ambalo msomaji wa pwani ana ruhusa ya kulinunia kidogo kabla ya kuendelea. Katika tarakimu zile za Arecibo tumewaeleza wasiotujua urefu wetu na idadi yetu, lakini hakuna hata moja inayosema ni kitu gani tunakiona kuwa dhuluma.

Upungufu huo haujazibwa. Mwaka 1989 Chuo cha Kimataifa cha Masuala ya Anga kilipitisha kanuni za hiari zinazotaka, miongoni mwa mengine, kwamba ishara kutoka kwa viumbe wenye akili isijibiwe kabla ya mashauriano ya kimataifa. Kanuni hizo zinatuambia tushauriane, lakini hazituambii tuko radhi kuachia nini na tusiachie nini. Makala haya yanalinganisha njia nne ambazo pande mbili zenye tunu zinazopingana zinaweza kuzifuata, na kipimo changu ni binadamu wenyewe, kwa kuwa historia yetu imejaa watu waliotazamana kama viumbe wa sayari tofauti.

Ili ulinganisho usielee hewani, tuchukue mfano mmoja wa kubuni na tuubebe hadi mwisho. Tuwaite viumbe hao Wawazi. Kwao kumbukumbu hupita kutoka kwa mmoja hadi mwingine kwa kugusana, na lililompata mmoja hujulikana na wote. Kuficha maumivu, kwao, ni ukatili unaokaribia kuua, kwa sababu asiyejulikana anaumwa wapi hawezi kuokolewa. Mtoto wao akizaliwa amejifunga, hufunguliwa kwa nguvu, kwa tendo la siku kadhaa ambalo mtoto mwenyewe hulilia tangu mwanzo hadi mwisho. Sisi upande wetu tuna sitara. Mswahili hulelewa akijua kwamba nyumba yasitiri mambo, na kwamba kumtolea mtu siri yake hadharani ni sawa na kumvua nguo. Wao wanatutaka tujifunue, nasi tunawataka waache kuwafungua watoto. Wala ubaya haujalala upande mmoja: mjumbe wa Wawazi anaweza kutuuliza habari za mke anayepigwa usiku, majirani wakasikia, asubuhi wakasema hayo ni mambo ya nyumba ya watu, na akatusomea methali yetu wenyewe kwamba mficha maradhi kilio humuumbua.

Nusu kwa nusu

Njia inayomjia mtu kwanza ni ya sokoni. Mwenye duka anataja shilingi 25,000 kwa doti ya kanga, mnunuzi anataja 15,000, wanazungushana kidogo, wanakutana kwenye 20,000 na kila mmoja anaondoka akijiona mjanja. Uzuri wa njia hii ni kwamba ni ya haraka, inaeleweka na watu wote, na hailazimishi mtu yeyote kukiri kwamba amekosea. Ila kila aliyewahi kununua kanga anajua pia kwamba mwenye duka hakutaja 25,000 kwa sababu ndiyo bei. Aliitaja kwa sababu anajua itakatwa. Palipo na desturi ya kukutana katikati, anayefungua mazungumzo kwa dai kubwa kupita kiasi ndiye anayelisogeza hilo katikati upande wake. Na kama Wawazi wanaijua desturi yetu, watadai binadamu wote tufunguliwe kesho, wapate nusu yetu keshokutwa.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nayo inahitaji kuangaliwa kwa karibu katika maji yetu wenyewe. Mwaka 1845 Sultani Seyyid Said na balozi mdogo wa Uingereza, Hamerton, walitia saini mkataba juu ya biashara ya watumwa. Upande mmoja ulitaka biashara ikome. Upande mwingine uliona kwamba mashamba, mapato ya forodha na heshima ya utawala vyote vimesimama juu yake. Wakakutana katikati, na katikati yenyewe ikachorwa kwenye ramani: kusafirisha watumwa kutoka milki ya Sultani ya Afrika kwenda Asia kukapigwa marufuku kuanzia mwaka 1847, lakini kuwasafirisha kati ya Kilwa upande wa kusini na Lamu upande wa kaskazini kukaendelea kuwa halali. Kwa wanadiplomasia waliokuwa mezani hiyo ilikuwa suluhu ya heshima. Kwa mtu aliyefungwa ndani ya jahazi, tofauti ya halali na haramu ilikuwa ni uelekeo wa tanga.

Kilichofuata kinafundisha kuliko mkataba wenyewe. Mwaka 1873, chini ya tishio la kuzingirwa na manowari za Uingereza, Sultani Barghash alikubali kufunga masoko ya watumwa na kukomesha usafirishaji wote wa baharini, na biashara ikahamia barabara za nchi kavu kutoka Kilwa kupanda kaskazini. Mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa Unguja na Pemba, lakini nayo kwa nusu: aliyetaka uhuru ilimpasa aende mwenyewe kuudai mahakamani, bwana wake ndiye aliyelipwa fidia, na masuria wakaachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Ukihesabu kuanzia 1845, ni miaka 64 ya mapatano ya hatua kwa hatua. Katika hatua zote hizo pande mbili zilikuwa zikipeana na kupokea, na kila mara kilichotolewa kilikuwa cha mtu wa tatu ambaye hakuwa na kiti. Katiba ya Marekani ya mwaka 1787, iliyomhesabu mtumwa kama theluthi… la, si theluthi, bali sehemu tatu kati ya tano za mtu katika kugawa viti vya bunge, ilipatikana kwa hesabu ya namna hiyo hiyo. Mtu hupata shida hata kuiandika bila kujikwaa.

Turudi kwa Wawazi. Nusu kwa nusu ingekuwa nini hapo? Labda wafungue mtoto mmoja katika kila wawili, nasi tutoe binadamu mmoja katika kila wawili. Labda tendo la siku sita lifanywe la siku tatu. Ukishaiandika hivyo, unaona kwamba njia hii inafaa pale tu kinachogawanywa kinagawanyika na ni mali ya wanaogawana: maji, madini, masafa ya redio, zamu za kutumia bandari. Mtoto wa Wawazi si wa aina hiyo, wala siri ya jirani yangu si yangu hata niitoe nusu.

Kila mmoja na mpaka wake

Njia ya pili haijaribu kuafikiana kabisa. Inachora mstari na kusema: huku mnatawala nyinyi, huku tunatawala sisi. Mwaka 1555 huko Augsburg, Wakatoliki na Walutheri wa Dola Takatifu ya Kirumi, waliokuwa wakionana kuwa wapotezaji wa roho za watu milele, walikubaliana kwamba kila mtawala achague dini ya nchi yake kati ya hizo mbili, na raia asiyeiridhia apewe nafasi ya kuuza mali yake na kuhama. Kifungu hicho cha kuhama, ambacho husomwa kama nyongeza tu, kwangu ndicho moyo wa mkataba ule. Mpaka usio na mlango ni gereza lililopewa jina la uvumilivu. Tena mkataba huo ulikuwa na watu wake wasioitwa mezani: wafuasi wa Calvin, Waprotestanti wa tawi jingine, hawakutajwa, na walipokuja kutambuliwa mwaka 1648 Vita vya Miaka Thelathini vilikuwa vimeshapita juu ya Ujerumani.

Tunao mfano wa karibu zaidi, na wa amani zaidi. Kabla ya uhuru wa Kenya, katika makubaliano ya mwaka 1963 kuhusu ukanda wa pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, iliahidiwa kwamba mahakama za Kadhi zitadumu. Leo Katiba ya Kenya inazipa mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, kwa sharti kwamba wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kusikilizwa na mahakama hizo. Angalia jinsi mpaka huo ulivyochorwa: haukuchorwa juu ya ardhi, umechorwa juu ya aina ya shauri, na mlango umewekwa katika ridhaa ya mwenye shauri. Ni kazi ya fundi aliyejua kwamba watu wawili wenye sheria mbili wanaweza kuishi mtaa mmoja.

Kwa viumbe wa nyota nyingine mpaka una msaidizi ambaye Ulaya ya mwaka 1555 haikuwa naye, yaani umbali. Nyota iliyo karibu zaidi na Jua, Proxima Centauri, iko miaka 4.2 ya mwendo wa nuru kutoka hapa. Swali likitumwa leo, jibu haliwezi kurudi kabla ya miaka minane na miezi kadhaa, na kikao cha maswali 10 kingemaliza umri wa mjumbe. Kwa umbali huo hakuna ukaguzi. Mkataba wowote unaosema "tutaacha hili endapo mtaacha lile" unategemea habari zilizochakaa kabla ya kusomwa, ilhali mpaka hauhitaji kukaguliwa kwa kiwango hicho, kwa kuwa anayeuvuka huonekana.

Udhaifu wa mpaka ni ule ambao watetezi wake huupitia haraka: kuna mtu ndani ya ukuta. Mtoto wa Wawazi anayelia kwa siku kadhaa ataendelea kulia, tofauti ikiwa ni kwamba sasa tumetia saini kwamba hatumsikii. Hapo ndipo mlango unapokuwa lazima, na mlango wa mtoto ni mgumu kuuchonga, kwa sababu mtoto hahami. Njia ya uaminifu ni kudai kwamba ufunguaji usubiri hadi mtoto aweze kusema ndiyo au hapana, na anayesema hapana awe na mahali pa kwenda. Nasi, kwa mizani ile ile, tuwe tayari kwamba binadamu aliyechoka na sitara zetu, pengine yule mke wa jirani, aruhusiwe kwenda kuishi kwao bila kuitwa msaliti.

Kutoa kisichokuuma, kupata kinachokuuma

Njia ya tatu nayo ni ya biashara, ila si ya kukata bei. Inaanza kwa kugundua kwamba pande mbili hazithamini vitu vile vile kwa uzito ule ule. Mwaka 1950 mwanahisabati John Nash alionyesha kwamba, kwa masharti machache yanayokubalika, mapatano ya haki kati ya wawili ni yale yanayofanya zao la faida zao, yaani faida ya huyu mara faida ya yule, kuwa kubwa kabisa, faida ya kila mmoja ikipimwa kuanzia pale ambapo angebaki endapo mazungumzo yangevunjika. Ikiwa mpango mmoja unatupa sisi faida ya 8 na wao 1, na mpango mwingine unatupa 5 na wao 4, wa pili ndio bora kwa kipimo hicho, maana 20 ni zaidi ya 8.

Katika kesi yetu, hebu tuulize ni siri zipi zinazowakera Wawazi zaidi na zinazotuuma sisi kidogo zaidi. Yamkini ni siri za serikali: mikataba iliyofichwa, hesabu za silaha, nyaraka zilizofungwa kwa miaka 50. Tukiwafungulia hizo tunapoteza kidogo, na raia wengi wangeshukuru kufunguliwa nao. Kwa upande wao, huenda kutomgusa mgeni bila idhini yake ni adabu wanayoweza kujifunza kwa gharama ndogo, ilhali kwetu ndiyo kila kitu. Mapatano ya namna hii hayamwachi mtu na jeraha, na ndiyo yanayodumu, kwa kuwa kila upande una sababu yake ya kuyalinda bila kulazimishwa.

Mipaka yake ni miwili. Kwanza, kipimo cha Nash kinaanzia pale mazungumzo yanapovunjika, na kama kuvunjika kwake kunamaanisha sisi kuteketea na wao kuumwa kichwa, basi hesabu itazaa mapatano yanayofuata sura ya nguvu, ikayavalisha joho la hisabati. Pili, kuna vitu ambavyo hukataa kuingia kwenye mizani. Anayesema yuko radhi kumruhusu mtoto mmoja aumizwe kwa kiasi fulani cha madini hajafanya hesabu mbaya. Amekwisha kutoka nje ya jambo linalozungumzwa.

Kubadilisha moyo wa mwenzako

Njia ya nne naitaja kwa ufupi kwa kuwa siiamini. Ni kuondoa mgongano kwa kuondoa kinachogongana: dawa, upasuaji au malezi yatakayowafanya Wawazi wasitake tena kufungua, au yatakayotufanya sisi tusione tena aibu. Kwa karatasi ndiyo njia safi kuliko zote, kwani mwishoni hakuna anayelalamika. Lakini hakuna anayelalamika kwa sababu aliyekuwa na sababu ya kulalamika hayupo tena, na shukrani ya yule aliyebaki haiwezi kupokelewa kama ushahidi. Njia tatu za kwanza zikikosewa zinaweza kurudiwa. Hii ikikosewa, hakuna atakayejua kwamba ilikosewa. Kushawishiana kwa maneno ni jambo jingine, na kuruhusiwe daima.

Ipi ichaguliwe, na lini

Jambo la kuangalia kwanza ni umbali. Kama tumesikiana kwa redio tu, mpaka tayari upo, na kazi ya busara ni kuuacha ulivyo huku tukijifunza. Hapo hata mabadilishano ya njia ya tatu yabaki katika habari, ambazo zikishatolewa hazihitaji kukaguliwa. Kama wamefika, na tunalazimika kupumua hewa ya bandari moja, basi nashauri mpaka wa namna ya Kadhi, unaofuata aina ya jambo na wenye mlango wa ridhaa, uwe msingi. Mabadilishano ya njia ya tatu yajengwe juu yake. Na nusu kwa nusu iachiwe mali tupu. Si mchanganyiko wa kupendeza, ila ndio ninaoweza kuutetea mbele ya mtu ambaye hakuwa mezani.

Waishio pamoja watahitaji pia namna ya kugombana. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, kisha wakawa watani, na hadi leo mtani anaweza kumtukana mwenziwe msibani mbele ya wafiwa, akajifanya kuzuia jeneza hadi apewe chochote, naye ndiye atakayetumwa kazi ambazo ndugu wa damu hawaziwezi siku hiyo. Watani hawakuafikiana nani alikuwa na haki vitani. Waliafikiana juu ya adabu ya kutoafikiana. Sijui Wawazi wangeufanyia nini utani, wao ambao hawana cha kufichuliwa, lakini ningeona heri mjumbe wetu wa kwanza awe mtu aliyewahi kuzika akiwa mtani kuliko awe jenerali.

Linabaki tukio la mwaka 1873, ambalo haliniachii raha. Tishio la manowari liliwafaa waliouzwa pale Mkunazini, soko la watumwa la Unguja, kuliko mkataba wa heshima wa mwaka 1845, na anayesema kwamba nguvu kamwe hazina nafasi katika mambo ya maadili ana deni la kuwajibu wao. Lakini miaka 17 baadaye, mwaka 1890, Zanzibar yenyewe ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza: waliokuja kufunga soko walibaki na funguo za mji. Kwa hiyo, endapo siku moja sisi ndio wenye nguvu na mtoto wa Wawazi ndiye anayelia, ningekubali nguvu kwa sharti moja tu, kwamba kabla ya kuzitumia tuwe tumeandika, kwa lugha yao na mbele yao, siku tutakayoondoka na nani atakayetuondoa tukikataa. Na endapo wao ndio wenye nguvu, ningewadai sharti hilo hilo hata kama hawalazimiki kunisikiliza.

Mashauriano yale ya kimataifa yakifanyika, na nikapewa nafasi ya kuweka swali moja tu katika jibu letu la kwanza, nisingeuliza wanaamini nini wala wanataka nini. Ningeuliza: miongoni mwenu, ni nani asiyeruhusiwa kuujibu ujumbe huu? Wangekuwa na haki ya kutuuliza vivyo hivyo, nasi tungekuwa na miaka minane na ushei ya kutafuta la kusema.